Sura ya Tano: Regyuleta Mpya, ya Mtumba au ya Kukodi?

Mtu akimaliza kozi yake ya kwanza ya kupiga mbizi, iwe Nungwi, Mafia, Diani au Watamu, haupiti muda kabla hajatamani vifaa vyake mwenyewe. Huanza na miwani, kisha mapezi ya miguuni, kisha nguo ya kuzamia. Hayo ni manunuzi mepesi. Miwani ikivuja utaudhika, utapanda juu, basi. Lakini regyuleta ndiyo inayokupa pumzi ukiwa mahali pasipo na pumzi nyingine, na bei yake inaweza kuzidi mshahara wa mwezi mzima. Hapo ndipo watu wanapokwama: ninunue mpya, nitafute ya mtumba, au niendelee kukodi?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Upya wa regyuleta si usalama, na uzee wake si hatari. Kinachoamua ni nani aliyeifungua mara ya mwisho, aliifungua lini, na nani ataifungua tena zamu yake ikifika. Anayejua majibu ya maswali hayo matatu anaweza kukodi, kununua mtumba au kununua mpya, na bado akazamia kwa amani. Asiyeyajua yuko hatarini hata kama kifaa kimetoka kwenye boksi lake.

Inafanya nini hasa

Mtungi wa kawaida wa mbizi hujazwa hewa hadi karibu bar 200. Hakuna pafu linaloweza kuipokea presha hiyo moja kwa moja, kwa hiyo regyuleta huishusha kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kile kipande kizito cha chuma kinachofungwa kwenye valvu ya mtungi. Hicho huishusha presha hadi kiasi cha bar 9 au 10 juu ya presha ya maji yanayokuzunguka. Hatua ya pili ndiyo unayoing'ata mdomoni. Ukivuta pumzi, kiwambo chembamba cha mpira huingia ndani na kusukuma mkono mdogo wa chuma, valvu inafunguka, na hewa inakuja kwa presha ileile ya hapo ulipo. Ukiacha kuvuta, valvu inajifunga.

Anayepika kwa gesi anaijua nusu ya kazi hii, maana regyuleta ya mtungi wa jikoni nayo hushusha presha ili moto uwake kwa utulivu. Tofauti ni kwamba ya jikoni hubaki kwenye kiwango kimoja, na ya mbizi lazima ibadilike kila unaposhuka. Juu ya maji presha ni bar 1, mita 10 ni bar 2, mita 20 ni bar 3, mita 30 ni bar 4. Ukiwa mita 20, kila pumzi hubeba hewa mara tatu ya ile ambayo ungeivuta ukiwa umekaa kwenye boti. Undugu wa vifaa hivi viwili, kwa kweli, ni wa damu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mhandisi Émile Gagnan wa kampuni ya Air Liquide huko Paris alikuwa na valvu iliyotengenezwa kwa ajili ya magari yaliyolazimika kutembea kwa gesi kwa sababu ya uhaba wa petroli. Yeye na Jacques-Yves Cousteau, afisa wa jeshi la majini la Ufaransa, waliigeuza valvu hiyo ikawa kifaa cha kupumulia chini ya maji, na mwaka 1943 Cousteau akawa anazamia nacho.

Mwili wa regyuleta kwa kawaida ni shaba iliyopakwa kromu, na ukitunzwa hudumu miongo. Vinavyochakaa ni vitu vidogo vilivyo ndani: oringi, kiwambo, chujio, na kiti cha valvu, yaani kile kipande cha plastiki ngumu kinachogandamizwa na ukingo wa chuma kila unapovuta pumzi. Kiti hicho huchorwa alama ya duara taratibu, na alama ikizidi kina, hewa huanza kupenya hata pale valvu inapojiona imefunga. Ndiyo maana watengenezaji wengi wanataka sevisi kila mwaka au kila baada ya mbizi 100, na baadhi wameongeza muda huo hadi miaka miwili.

Habari njema ni kwamba regyuleta nyingi za kisasa zimeundwa ili zikiharibika zimwage hewa badala ya kuikata. Habari isiyo njema ni kwamba ukiwa kwenye kina kirefu, mtungi unaomwaga hewa ovyo huisha kwa dakika chache tu. Ndiyo sababu kila seti ina kidomo cha akiba, ambacho wapiga mbizi hukiita oktopasi, na ndiyo sababu hatuzamii peke yetu.

Ya kukodi

Wengi huidharau regyuleta ya kukodi kwa sababu imeshapita midomo mingi. Mimi naitazama tofauti. Kwenye kituo kinachojiheshimu, regyuleta huingia majini karibu kila siku, huoshwa kwa maji baridi kila jioni, na kasoro yake huonekana mapema kwa sababu kuna macho mengi juu yake. Vituo vingi hununua aina moja ya regyuleta yenye muundo rahisi, ili fundi aijue kwa kufumba macho na spea ziwe zinaingiliana. Kifaa hicho kinaweza kuwa salama kuliko regyuleta ya bei ghali iliyolala kabatini kwa mwenyewe miaka mitatu huku chumvi ikijenga ndani.

Lakini vituo havifanani. Kwa hiyo kabla ya kukodi, uliza, na uulize kwa adabu: "Samahani kaka, hii imefanyiwa sevisi lini?" Kituo kizuri kitakuonyesha daftari au lebo yenye tarehe na namba ya kifaa, bila kununa. Ukijibiwa kwa "usijali, iko poa", endelea kujali.

Kisha fanya ukaguzi wako mwenyewe ungali nchi kavu, kwa sababu boti ikishaondoka hakuna regyuleta nyingine. Anza kabla mtungi haujafunguliwa. Weka kidomo mdomoni uvute pumzi taratibu. Hewa haitakiwi kuingia hata kidogo. Ikiingia, basi kiwambo kimetoboka, valvu ya kutolea pumzi imekunjamana, au kuna ufa mahali, na palipopitisha hewa leo patapitisha maji kesho. Vuta nyuma vile vifuniko vya mpira kwenye ncha za mipira ya hewa, maana nyufa hupenda kujificha humo. Tazama meno ya kidomo kama hayajaliwa, na kama kibanio kinachokishika kipo na kimekaza.

Sasa fungua mtungi, uso wako na wa jirani yako ukiwa mbali na kioo cha geji, na usikilize. Pumua kwa nguvu mara nne au tano huku ukiangalia mshale wa geji. Mshale unatakiwa kutulia. Ukizama kila unapovuta na kurudi unapoachia, valvu ya mtungi haijafunguliwa sawasawa au chujio limeziba. Rudia hivyo hivyo kwa oktopasi, maana hicho ndicho kidomo ambacho mwenzako atakihitaji akiwa na hofu. Bonyeza kitufe cha kumwagia hewa na uachie. Hewa ikatike papo hapo. Ukaguzi wote huu unakwisha kabla wenzako hawajamaliza kuvaa.

Kama kinachokukera ni midomo ya watu tu, dawa yake ni nafuu. Nunua kidomo chako mwenyewe cha mpira na vibanio viwili vitatu vya plastiki, uviweke mfukoni. Mwombe kiongozi wa mbizi akubadilishie. Wengi hukubali bila neno.

Mpya

Anayenunua mpya hununua vitu viwili: kifaa, na historia isiyo na siri. Hakuna aliyeiangusha, hakuna aliyeijaza maji, hakuna fundi wa kubahatisha aliyeichokonoa. Unapata pia dhamana, na kampuni kadhaa huwapa wanunuzi wa kwanza vifurushi vya spea bure kwa miaka mingi, kwa sharti kwamba sevisi ifanywe kwa wakati na kwa fundi anayetambulika. Seti kamili yenye hatua ya kwanza, kidomo, oktopasi na geji huanzia mara nyingi kwenye dola 300 na kupanda hadi kupita 1,000.

Tofauti ya bei hiyo ndiyo inayowapoteza watu. Sehemu kubwa ya pesa kwenye regyuleta za juu hulipia uwezo wa kufanya kazi kwenye maji ya baridi kali, ambako unyevu huganda kuwa barafu ndani ya hatua ya kwanza na kuizuia valvu isifunge. Kiwango cha Ulaya cha EN 250 huzipima regyuleta kwa hali hiyo, na zile zisizokusudiwa kwa baridi hupigwa alama ya >10°C. Bahari yetu, hata wakati wa kusi mwezi wa Agosti, iko juu sana ya nyuzi 10. Mpiga mbizi wa Mnemba, Chole au Kisite hana sababu ya kulipia barafu ambayo hataiona. Kama siku moja unatarajia kuzamia Ulaya wakati wa baridi, hapo hesabu inabadilika.

Yapo mawili ambayo yanastahili pesa zako. La kwanza ni hatua ya kwanza iliyosawazishwa, ambayo upumuaji wake haubadiliki mtungi unapokaribia kuisha. Ile isiyosawazishwa huanza kuwa nzito kidogo presha ya mtungi inaposhuka. Kwa mbizi za kawaida za maji ya joto si kasoro kubwa, lakini ukiwa umechoka na mkondo unavuta, wepesi huo una thamani. La pili ni chemba iliyozibwa, inayozuia maji ya chumvi na mchanga visiguse springi. Kwa wanaozamia kila siku kwenye maji yenye mchanga, kinga hii huongeza umri wa kifaa.

Angalia pia namna ya kuifunga kwenye mtungi. Yoki huikumbatia valvu kwa nje na kukazwa kwa skrubu. Dini (DIN) huingia kwa nyuzi ndani ya valvu, na oringi yake inabaki imefungiwa salama ndani. Mwenye dini anaweza kununua adapta ya yoki akatumia mitungi ya aina zote mbili. Mwenye yoki, akikutana na mtungi wa dini usio na kipande cha ndani cha kuubadilisha, atabaki kwenye boti akiwapungia wenzake mkono. Kabla ya kulipa, kiulize kituo unachozamia zaidi mitungi yake ni ya aina gani.

Kisha uliza swali ambalo muuzaji wa Dubai au wa mtandaoni hatakuuliza: hii, fundi wake yuko wapi? Regyuleta nzuri ya kampuni ambayo haina fundi wala spea kati ya Mombasa na Mtwara itakulazimisha uchague kila mwaka kati ya kuisafirisha ng'ambo na kuiacha bila sevisi. Najua jinsi uchaguzi huo unavyoishia. Kwa hiyo mtafute fundi kwanza, umuulize anashughulikia aina zipi, ndipo uende dukani.

Mtumba

Pwani yetu haikosi regyuleta za mtumba. Mwalimu wa kigeni anamaliza mkataba na hataki kubeba mizigo. Kituo kinabadilisha vifaa vyake. Mtalii aliyenunua kila kitu kipya anagundua kwamba mbizi si mchezo wake. Humo mna vitu vizuri kabisa, na humo mna mitego.

Nililiona hilo kwenye meza ya fundi mmoja mzee, siku kiongozi kijana wa mbizi alipomletea regyuleta aliyoinunua kwa mwalimu aliyekuwa akiondoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete tuone."

Fundi hakugusa kidomo wala geji. Alitoa kifuniko cha hatua ya kwanza, akaigeuza kuelekea juani, akachungulia pale hewa inapoingilia. Chujio, ambalo likiwa jipya hung'aa kama fedha, lilikuwa na rangi ya kijani.

"Unaiona rangi hii? Hii imekunywa maji ya chumvi."

"Lakini inapumua vizuri tu, mzee."

"Inapumua leo."

Alipoifungua, kromu ya ndani ilikuwa imeanza kubanduka kwa vidoa, na mahali oringi inapoteleza palikuwa na vishimo vidogo vinavyohisika kwa ukucha. Oringi mpya ingewekwa hapo ingekatika baada ya muda mfupi. Spea zingepatikana, ila mwili wenyewe ulikuwa umekwisha. Bei ya kutupwa aliyoifurahia kijana ilikuwa bei ya shaba chakavu.

Chujio ni kitu cha kwanza kutazama, na ni bure. Kijani ni maji ya chumvi yaliyoingia ndani, mara nyingi kwa sababu kifuniko hakikurudishwa kabla ya kuosha. Wekundu au kahawia ni kutu kutoka kwenye mtungi wa chuma. Weusi ni masizi yanayoweza kutoka kwenye kompresa yenye chujio chovu. Chujio safi halithibitishi kwamba kila kitu ni kizima, kwa sababu muuzaji mjanja anaweza kulibadilisha, lakini chujio chafu limeshatoa ushahidi wake.

Cha pili ni presha ya kati, ile ya bar 9 au 10 inayotoka hatua ya kwanza. Fundi huipima kwa geji ndogo inayochomekwa kwenye mpira wa jaketi la kuelea. Ukipumua, mshale hushuka kidogo na kurudi, kisha hutakiwa kusimama pale pale. Ukiendelea kupanda polepole, kiti cha valvu kimechakaa. Hilo hutibika kwa sevisi, basi liingie kwenye bei.

Cha tatu ni karatasi. Namba ya kifaa imechongwa kwenye hatua ya kwanza. Ilinganishe na risiti na daftari la sevisi. Muuzaji asiye na karatasi yoyote huenda ni mzembe tu, au huenda anauza mali ya mtu. Itafute namba na modeli hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama iliwahi kurudishwa kiwandani kwa kasoro. Na kwanza kabisa, mpigie fundi umuulize kama spea za modeli hiyo bado zinatengenezwa. Kwa regyuleta ambayo spea zake zimekoma, hata ya bure ni ghali.

Mipira ya hewa ya mtumba mimi huihesabu kama iliyokwisha. Mpira wa kawaida hukauka na kupasuka. Ule uliofumwa kwa nyuzi kwa nje unaweza kuonekana mzima huku bomba la ndani limeoza, hasa kwenye nchi za joto, na vipande vyake vikaishia kwenye kidomo.

Hesabu ya miaka mitano

Tuchukue namba za mfano, nawe uweke za kwako. Seti mpya dola 500, sevisi dola 80 kwa mwaka, kukodi dola 10 kwa siku. Kwa miaka mitano, mpya itakula 500 pamoja na sevisi nne, yaani dola 820. Kwa pesa hizo ungekodi siku 82, ambazo ni kama siku 16 kwa mwaka. Unayezamia chini ya hapo, kukodi ni nafuu. Unayezamia zaidi, kununua kunaanza kulipa.

Mtumba wa dola 200 unaonekana kukuokolea 300. Lakini inabidi uufanyie sevisi siku hiyo hiyo, 80. Mipira mipya, tuseme 60. Sevisi nne zinazofuata, 320. Jumla ni dola 660. Umeokoa 160 kwa miaka mitano, si 300, na kama regyuleta mpya ingekuja na spea za bure, hata hizo zingepungua. Mtumba una faida pale tu unapokuwa mzuri kweli na bei yake imeshuka kweli.

Uamuzi

Kama umemaliza kozi juzi, kodi. Zamia kwenye vituo tofauti, ung'ate regyuleta tofauti, ujue unachokipenda, na ununue kidomo chako tu. Kama unazamia wikiendi nyingi za mwaka, nunua mpya ya bei ya kati, iliyosawazishwa, yenye fundi karibu, na usilipie barafu. Kama bahari ndiyo kazi yako, mtumba unaweza kukufaa kuliko mtu yeyote, kwa sababu unawajua waliozamia nao na unaweza kuupeleka kwa fundi kabla ya kulipa. Lipa baada ya kufunguliwa, kamwe si kabla.

Nina neno moja pia kwa wenye vituo. Regyuleta zinazostaafu kwenye maboti ya watalii haziishii jaani kila mara. Nyingine huangukia mikononi mwa vijana wanaozamia majongoo bahari, wasio na kozi, wasio na geji, wasio na fundi, na miongoni mwao wapo waliorudi ufukweni wamepooza. Kifaa ambacho usingemvisha mgeni wako, usimuuzie mtoto wa jirani yako. Kitengeneze kama kinatengenezeka. Kama hakitengenezeki, kata mipira yake, kivunje valvu, ukiuze kwa kilo.